Kibandiko cha gari la mfano kinapobanduka, pupa huharibu kuliko uzee

GARI la mfano lililohifadhiwa kabatini kwa miaka mingi huweza kuonekana zima hadi siku linapotolewa ili lipanguswe vumbi. Ndipo mwenyewe anapogundua kwamba nambari iliyokuwa mlangoni imeinua pembe zake, nembo ya boneti imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na kipande cha maandishi kimenasa kwenye kitambaa cha kupangusia. Wengi hukimbilia gundi kali ya dukani. Hapo ndipo hasara ndogo inapogeuka kuwa kubwa.

Kwa asiyeijua shughuli hii, suala hili laweza kuonekana kuwa mzaha wa watoto. Hata hivyo, thamani ya magari hayo mara nyingi haimo katika chuma wala plastiki, bali katika karatasi hiyo nyembamba kuliko ganda la kitunguu.

Chukua mfano wa Dinky Toys, zilizokuwa zikiundwa na kampuni ya Meccano mjini Liverpool, Uingereza. Katika miaka ya 1950, kampuni hiyo iliuza gari la mizigo la aina ya Guy ambalo bodi yake ilikuwa moja, lakini ubavuni lilibeba matangazo tofauti: Slumberland, Lyons Swiss Rolls, Weetabix au Spratt's. Kilichotenga gari moja na jingine kilikuwa rangi na kibandiko. Lile la Weetabix ni miongoni mwa yanayotafutwa mno na wakusanyaji. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa mwaka wa 1979, kwa hivyo kibandiko cha asili kikipotea, hakuna mahali pa kuagiza kingine.

Kwa msomaji wa Kenya, mfano ulio karibu zaidi ni magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953. Datsun 1600 SSS ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka wa 1970, na Mitsubishi Lancer ya Joginder Singh iliyoshinda mwaka wa 1974, ni baadhi ya magari ambayo waundaji wa mifano wameyarudia kwa vipimo vidogo. Liondolee gari kama hilo nambari yake, majina ya dereva na msaidizi wake pamoja na nembo ya mashindano, nalo litabaki kuwa Datsun au Mitsubishi yoyote iliyopata kupita barabarani.

AINA TATU

Kabla ya kutafuta dawa, sharti ugonjwa ujulikane. Mapambo ya magari ya mfano ni ya aina tatu kuu, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni kibandiko cha maji. Hiki hutengenezwa juu ya karatasi iliyopakwa gundi inayoyeyuka majini. Juu ya gundi hiyo huwekwa wino na utando mwembamba usio na rangi. Kikilowekwa, gundi hulainika, nao utando ukateleza kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bodi ya gari. Magari mengi ya kuundwa nyumbani hutumia aina hii, na ndiyo iliyopamba magari mengi ya kale ya Uingereza.

Ya pili ni stika ya kawaida, iliyo na gundi yake mgongoni. Ni nene zaidi, na ukingo wake huhisika ukipapaswa kwa ukucha.

Ya tatu si kibandiko hata kidogo, bali ni chapa inayopigwa moja kwa moja juu ya rangi kwa kutumia mpira laini. Viwanda vingi vya magari ya kuchezea vilianza kuitumia katika miaka ya 1970. Chapa hiyo hufifia na kukwaruzika, lakini haibanduki. Anayeona kitu kikiinuka pembeni, basi ana mojawapo ya aina mbili za kwanza.

KWA NINI HUBANDUKA

Chanzo kikubwa ni uso usio laini. Rangi isiyong'aa, ijapoonekana sawasawa machoni, ina mabonde na vilima vidogo mno. Kibandiko cha maji kikiwekwa juu yake hushika vilima pekee, na hewa ikabaki mabondeni. Hewa hiyo huonekana kama weupe unaometameta chini ya utando, na ndiyo mlango wa kubanduka.

Chanzo cha pili ni mafuta ya vidole. Bodi iliyoshikwashikwa kabla ya kubandikwa huwa na tabaka la mafuta linalozuia gundi kushika. Cha tatu ni kuloweka kibandiko kupita kiasi, hata gundi yote ikasombwa na maji. Aidha, kuna mviringo wa bodi: utando mgumu uliolazwa juu ya tao la gurudumu au mstari wa mlango huvutana kurejea kwenye unyoofu wake, na pembe zikaachia.

Mwisho ni mazingira. Jua huukausha utando na kuupa rangi ya manjano. Nayo hewa inayobadilika kutoka unyevunyevu hadi ukavu huilegeza gundi ya zamani, kwa kuwa gundi hiyo ni ile ile iliyoumbwa ili iyeyuke majini.

HATUA ZA KUREKEBISHA

Hatua ya kwanza haihitaji gundi. Gari lipigwe picha kila upande, rula ikiwa karibu na kibandiko ili vipimo vihifadhiwe. Kazi ikiharibika, picha hiyo ndiyo itakayowezesha kibandiko kingine kuchapishwa.

Pili, vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu, ikielekezwa kutoka katikati ya kibandiko kwenda nje. Brashi ikitoka nje kuingia ndani itaidaka pembe iliyoinuka na kuivunja.

Tatu, utando ulainishwe. Kibandiko cha zamani ni kikavu kama jani la vuli, na kukikunja kikiwa katika hali hiyo ni kukivunja. Tone la maji ya uvuguvugu liwekwe kando ya pembe iliyoinuka na kuachwa kwa dakika chache. Maji hujipenyeza yenyewe katika nafasi nyembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Maji yasimwagwe juu ya kibandiko kizima, kwa sababu sehemu ambayo ingali imeshika nayo itaachia.

Nne, gundi. Inayofaa ni gundi nyeupe ya mbao, iliyozimuliwa kwa maji hadi iwe nyepesi kama maziwa. Sehemu moja ya gundi kwa sehemu tatu za maji hutosha. Ichovywe kwa ncha ya brashi nyembamba na kuguswa ukingoni tu, kisha iachwe iingie. Baadaye kibandiko kikandamizwe kwa kijiti cha pamba kilicholowa maji kidogo, kuanzia katikati hadi pembeni, ili hewa na gundi ya ziada zitoke. Gundi hii husafishika kwa maji kabla haijakauka, kwa hivyo aliyekosea anaweza kuanza upya.

Sivyo ilivyo kwa gundi kali inayoshika papo hapo. Hiyo haitoi nafasi ya kusogeza kitu, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya rangi na vioo vya plastiki. Aliyeitumia hana pa kurudi.

Tano, pale kibandiko kinapokataa kulala juu ya mviringo, kuna vimiminika maalumu vya kukilegeza. Kampuni ya Microscale ya Marekani huuza viwili vinavyojulikana sana: Micro Set, kinachopakwa chini ili kuandaa uso, na Micro Sol, kinachopakwa juu ili kuulainisha utando. Kimiminika cha pili huufanya utando ukunjamane kwa muda kabla ya kulala tambarare. Wengi huingiwa na hofu wakiona mikunjo hiyo, wakaigusa kwa kidole na kuichana. Dawa ni kuondoka mezani na kuiacha ikauke yenyewe.

Ni lazima kimiminika cha aina hiyo kijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kwani wino wa baadhi ya vibandiko vya kale huyeyuka kabisa. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha isikaribie gari hilo kamwe. Aghalabu huwa na asetoni, ambayo hula rangi na plastiki pamoja.

Gari liachwe kwa muda wa saa 24 kabla ya kuguswa tena. Alama za gundi zilizosalia zifutwe kwa pamba yenye maji kidogo. Kwa gari lililoundwa nyumbani, kazi hukamilishwa kwa kupuliza vanishi ya akriliki isiyo na rangi, tabaka jembamba baada ya jingine. Tabaka moja nene na lenye majimaji linaweza kukikunja kibandiko kilichokwisha kutengemaa.

Stika iliyokauka gundi hutendewa tofauti kidogo. Ile ya karatasi hurejeshwa kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, ila maji yawe machache ili karatasi isivimbe. Ya plastiki hupashwa joto dogo la draya ya nywele ili ilegee, kisha gundi kuukuu ikaondolewa taratibu kabla ya mpya kupakwa.

KIPYA AU CHA ASILI?

Kibandiko kikiwa kimevunjika vipandevipande, njia iliyobaki ni kuchapisha kingine. Karatasi maalumu ya kazi hiyo hupitishwa katika printa ya kawaida. Yapo mambo mawili ya kukumbukwa. Printa za nyumbani hazichapishi rangi nyeupe, kwa hivyo nambari nyeupe huhitaji karatasi yenye utando mweupe. Isitoshe, wino wa printa ya kurusha matone huchuruzika ukilowa. Sharti upuliziwe vanishi na kukauka kabla ya karatasi kutiwa majini. Wino wa printa ya leza hauna tatizo hilo.

Hapa ndipo swali zito linapozuka. Gari la kale lenye kibandiko cha asili kilichochakaa kwa kawaida huthaminiwa na wakusanyaji kuliko lenye kibandiko kipya kinachong'aa. Uchakavu ni ushahidi wa umri wake. Ndiyo maana gari la kale halipuliziwi vanishi bila kufikiriwa mara mbili: vanishi haitoki kwa urahisi, na hufunika kila kitu, likiwamo kosa la fundi.

Zaidi ya hayo kuna suala la uaminifu. Vibandiko vya kuiga vya magari ya kale huuzwa waziwazi, na si haramu kuvitumia. Lakini anayeuza gari lenye kibandiko kipya bila kumjulisha mnunuzi anamuuzia hadithi isiyo ya kweli. Tangazo la Weetabix likibandikwa juu ya gari lililozaliwa na tangazo la Slumberland, hata kwa ustadi wa kupigiwa mfano, halibadilishi asili yake.

Kinga ingali bora kuliko tiba. Anayeunda gari jipya aioshe bodi kwa maji ya sabuni, apake tabaka linalong'aa kabla ya kubandika, na kama anataka mwonekano usiong'aa, aupulizie mwishoni. Gari lililokamilika likae mbali na dirisha lenye jua, na lisifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki unaonasa unyevu, hasa katika miji ya pwani kama Mombasa ambako hewa ni nzito mwaka mzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pembe moja ya kibandiko iliyoinuka leo hutibiwa kwa tone la gundi na nusu saa ya utulivu. Ikipuuzwa, kitambaa cha vumbi kitaimalizia, na nambari aliyoshinda nayo dereva itaishia jalalani.