Bia chungu ya rai: asiyekunywa amweleze nini mgeni?

Vijana wetu wengi walioajiriwa katika hoteli za Diani, Watamu na Malindi humimina vinywaji ambavyo wao wenyewe hawavionji. Hukumu ya kazi hiyo waulizwe wenye elimu ya dini. Leo nazungumzia ujuzi. Mgeni akiuliza bia ya IPA yenye rai ina ladha gani, "sijui, mimi sinywi" si jibu la mtu anayeijua kazi yake. Na asipoelezwa mapema, huenda akaonja mara moja, akakunja uso na kuirudisha akidai imeharibika.

IPA ni kifupi cha India Pale Ale, lakini asili yake ni Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 18, George Hodgson wa Bow, London, aliwauzia bia manahodha wa meli zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya miezi kadhaa hadi India. Husimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeibuni kwa kutia hopsi nyingi ili isiharibike baharini. Hadithi tamu, ila Waingereza walijua kabla yake kuwa hopsi huhifadhi bia.

Hopsi ni maua ya mmea utambaao, na uchungu wote unatoka hapo. Kwa hiyo uchungu wa IPA si kasoro, ndiyo bia yenyewe. Aina ya Cascade, inayopendwa sana na Wamarekani, hunukia kama balungi, na harufu hiyo unaweza kuitambua kwa pua tu, bila tone kugusa ulimi.

Sasa rai. Hii ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano na shayiri. Kule Ulaya kaskazini na mashariki huoka nayo mikate myeusi. Bia nyingi hupikwa kwa kimea cha shayiri. Ukichanganya na kimea cha rai, bia hupata ukali mwepesi kama wa pilipili manga, ladha ya mkate, na uzito fulani mdomoni. Lakini rai ni nafaka sumbufu: haina ganda na hunata kama uji ulioshika, maji yakagoma kuchujika. Ndiyo maana huchanganywa kiasi kidogo tu, na wengine hutia kumvi za mpunga ili maji yapate njia. Naam, zile zile tunazopeta na kutupa.

Mfano unaojulikana ni Hop Rod Rye, iliyoanzishwa na kiwanda cha Bear Republic huko California. Kimea chake cha rai kilikuwa asilimia 18, na kileo asilimia 8. Tusker ya kawaida ina asilimia 4.2. Hapa ndipo pa kuangalia sana. Mgeni aliyezoea chupa mbili za Tusker akinywa mbili za namna hii zenye ujazo ule ule, amepata karibu kileo cha chupa nne, naye pengine ana gari nje. Soma kibandiko, umwambie kabla hujafungua.

Jambo jingine ni uhifadhi. Bia inayosifiwa kwa kuvuka bahari, leo hupendeza zaidi ikiwa mpya. Joto na mwanga hupoteza harufu ya hopsi, kwa hiyo katoni isiachwe juani nyuma ya jikoni. Tena isigandishwe: baridi kali mno huua harufu ile ile aliyoilipia mgeni. Itoe kwenye friji dakika chache kabla, uimimine kwenye glasi badala ya kumpa chupa.

Mgeni akisema tumbo lake halipatani na ngano, usimpe hii ukidhani rai ni kitu kingine. Gluteni imo katika rai, imo pia katika shayiri.