Laini ya Simu Ugenini: Msafiri Achague kwa Akili

Msafiri wa siku hizi hujiandaa kwa mengi. Hushughulikia pasipoti, huomba viza, huchanjwa homa ya manjano, hubadilisha fedha na kuaga jamaa. Lakini laini ya simu atakayoitumia huko aendako huiachia bahati. Ama huondoka na ile aliyo nayo bila kuuliza bei yake, ama hununua ya kwanza anayotiwa mkononi mara atokapo forodhani. Kwa maoni yetu uzembe huu, ambao huonekana mdogo, una gharama kubwa, na hatuna budi kuusemea.

Yapo mambo mengi ambayo msafiri anaweza kuyasahihisha akishafika. Hili la laini ni gumu kulisahihisha, kwa sababu laini si chombo cha mazungumzo tu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na hapa Tanzania mwaka uliofuata, namba ya simu imekuwa mkoba wa fedha. Benki nazo hutuma namba za siri za muda kwa njia hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 1 Mei 2019 laini zetu huandikishwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na zile ambazo hazikuandikishwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Hivyo basi laini ni fedha, na laini ni jina la mtu. Aipotezaye hakupoteza maongezi peke yake.

Yafaa ieleweke kwanza kwa nini laini ya nyumbani huwa ghali ugenini. Laini ya Tanzania ikiwashwa Nairobi au Muscat haina mnara wake huko. Hukaribishwa na kampuni ya wenyeji. Kampuni hiyo huidai kampuni ya nyumbani gharama za ukarimu huo, nayo kampuni ya nyumbani humdai mteja wake, ikiongeza na faida yake. Hata anayepigiwa hulipa. Jamaa aliyeko Korogwe hupiga namba ya Tanzania na kutozwa bei ya Tanzania, pengine bila kujua kwamba ndugu yake yuko ng'ambo. Safari ya sauti kutoka Tanzania hadi huko ng'ambo hulipwa na yule anayeipokea.

Intaneti ndiyo yenye hatari zaidi. Simu za kisasa hazilali. Zinapokea picha, zinasasisha programu na kuhifadhi nakala za kumbukumbu wakati mwenyewe amelala fofofo. Msafiri anayevuka mpaka bila kuzima intaneti ya ugenini katika simu yake aweza kuamka salio limekwisha, naye hajatamka neno. Huduma hii ya kutumia laini ya nyumbani katika nchi ya watu, ambayo wengi huiita romingi, si mbaya yenyewe. Ubaya ni kuitumia bila kuijua bei yake.

MAJIRANI ZETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mkulima wa Muheza anayepeleka machungwa yake Mombasa hupita Horohoro na kuingia Lungalunga, akatoka nchi moja hadi nyingine kwa hatua chache. Simu yake yaweza kuvuka kabla yake. Wakazi wa mipakani wanajua kwamba simu hukamata mnara wenye nguvu zaidi, hata kama mnara huo uko upande wa pili, na kwa hiyo mtu aliyeketi kwake aweza kutozwa kama msafiri. Dawa yake ni rahisi: katika simu, aondoe uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha wenyewe, na auchague mtandao wa nchi yake kwa mkono.

Wako watakaouliza: je, nchi za Afrika Mashariki hazikuahidi kuondoa tozo hizi? Ni kweli zilikwisha kuanza. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliwaunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakawa wanapiga simu katika nchi hizo tatu bila nyongeza ya ugenini na wanapokea bila malipo. Miaka minane baadaye, mwaka 2014, serikali za nchi za Ushoroba wa Kaskazini, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, zilianza kutekeleza mpango wa eneo moja la mtandao. Simu za kupokea zikawa bure, na bei ya kupiga ikawekewa kikomo. Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi zilizoanza. Funzo kwa msafiri ni kwamba asisafiri kwa kutegemea habari ya redioni. Aulize kampuni yake, kabla ya kuondoka, maswali matatu: kupiga ni bei gani, kupokea ni bei gani, na intaneti ni bei gani katika nchi ile aendayo.

MUDA WA SAFARI

Baada ya kujua bei, kinachofuata ni kupima muda. Mwenye safari ya siku mbili au tatu, anayehitaji kupokea ujumbe na kupiga simu moja moja, aweza kubaki na laini yake ya nyumbani, mradi anunue kifurushi maalumu cha ugenini na kuzima intaneti asipoihitaji. Mwenye safari ya wiki na zaidi anunue laini ya wenyeji. Atakayekaa mwaka au miaka hana hiari katika jambo hili, kwani mwajiri, mwenye nyumba, benki na hospitali za huko watamtaka namba ya nchi yao.

Anaponunua laini ya wenyeji, msafiri asitazame wingi wa intaneti anayoahidiwa peke yake. Atazame kifurushi hicho kitaisha baada ya siku ngapi, kama kina dakika za kupiga Tanzania, na kama mtandao huo unashika huko atakakolala, kwa maana minara mingi mjini si ushahidi wa minara mashambani. Atazame pia kama anafungwa kwa mkataba wa miezi mingi. Wanafunzi wetu walioko Ulaya wanalijua hili la mkataba, kwani wapo wanaorejea nyumbani masomo yakiisha huku madai ya kila mwezi yakiendelea kuwafuata.

Kwa Ulaya tuongeze neno moja. Tangu tarehe 15 Juni 2017, mwenye laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya huitumia katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya nyumbani, kwa kiasi cha matumizi ya kawaida ya msafiri, na mwaka 2022 utaratibu huo uliongezewa muda hadi 2032. Mwanafunzi aliyenunua laini Ujerumani aweza kwenda nayo Ufaransa bila hofu. Lakini asijidanganye kwamba Ulaya yote ni moja. Uswisi haimo katika Umoja huo, na Uingereza ilijitoa. Huko aulize kwanza.

Kwa mahujaji wetu, Saudi Arabia ilianza mwaka 2016 kutaka alama ya kidole kwa kila anayenunua laini. Hujaji aende mwenyewe kwenye duka linalotambulika, akiwa na pasipoti yake, wala asikubali kupewa laini iliyokwisha kuandikishwa kwa jina la mtu asiyemfahamu. Intaneti huko imekuwa sehemu ya ibada yenyewe, kwani kibali cha kuingia Rawdha katika Msikiti wa Mtume, Madina, huombwa kwa programu ya Nusuk. Wazee wetu wengi hawana mazoea na mambo haya. Ni wajibu wa viongozi wa misafara kuwasaidia hatua kwa hatua, badala ya kuwaambia tu kwamba watajua mbele ya safari.

WANAOKWENDA KUFANYA KAZI

Wanaotutia mashaka zaidi ni ndugu zetu, hasa akina dada, wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Kwao laini ya simu ndiyo mlango pekee wa kutokea iwapo mambo yataharibika. Anayefika na kupewa simu na mwajiri, yenye laini iliyoandikishwa kwa jina la mwajiri huyo, ameshika mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine. Siku wakikosana, laini hufungwa, na pamoja nayo huondoka namba za jamaa, ujumbe uliohifadhiwa na ushahidi wa madai yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mara tu apatapo kitambulisho cha ukaazi, mfanyakazi aandikishe laini kwa jina lake mwenyewe.

Aelewe pia sheria za huko. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa kwa miaka mingi, ingawa maandishi na picha hupita. Wanaoruhusiwa kupigiana simu kwa intaneti hutumia programu zilizopewa kibali. Saudi Arabia ililegeza masharti ya namna hiyo mwaka 2017. Mama aliyeko Pangani asiyejua habari hizi huona mwanawe hapigi simu, akadhani amesahaulika au amepatwa na msiba. Yafaa familia ikubaliane kabla ya safari: tutazungumza kwa njia gani, siku gani, na ikishindikana hiyo tutatumia njia ipi. Namba za simu za ubalozi wetu na za jamaa wawili ziandikwe pia kwenye karatasi, kwa maana simu huweza kunyang'anywa, lakini karatasi iliyokunjwa ndani ya nguo haiulizwi na mtu.

SIMU YENYEWE

Laini nzuri katika simu isiyoipokea ni kazi bure. Simu zilizonunuliwa ng'ambo kwa mkataba mara nyingi hufungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine hadi deni liishe. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14 la mwaka 2022 hazina kabisa nafasi ya kadi; hutumia eSIM, yaani laini isiyoshikika, inayoingizwa ndani ya simu kwa njia ya intaneti. Anayeletewa zawadi ya simu hiyo na ndugu yake asishangae akikosa pa kuchomeka kadi. Baadhi ya kampuni za hapa nchini zimekwisha kuanza kutoa eSIM, naye aulize kabla ya kutupa simu yake ya zamani. Kinyume chake, anayekwenda Marekani na simu ya zamani ajue kwamba kampuni kubwa za huko zilizima mitandao yao ya kizazi cha tatu mwaka 2022. Simu yake yaweza kuwaka vizuri na isiweze kupiga.

Kwa wasafiri wengi, simu yenye nafasi mbili za laini ndiyo inayofaa. Nafasi moja iwe ya wenyeji, kwa mazungumzo ya kila siku na intaneti. Ya pili iwe ya nyumbani, intaneti yake ikiwa imezimwa, kwa ajili ya kupokea ujumbe wa benki na wa jamaa. Kwa kampuni nyingi kupokea ujumbe mfupi ugenini hakutozwi, lakini hilo nalo liulizwe.

Tunasisitiza hili la laini ya nyumbani kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mtu hukaa ng'ambo mwaka mzima laini yake ya Tanzania ikiwa ndani ya droo. Kampuni huiona haitumiki, huifunga, na baada ya muda humpa mteja mwingine namba ile ile. Ujumbe wa benki uliokuwa wake sasa humwendea asiyemjua. WhatsApp nayo hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika. Anayeondoka kwa muda mrefu na aulize laini hukaa siku ngapi kabla ya kufungwa, aiwekee salio na kuitumia mara kwa mara, na aiarifu benki yake. Asimwachie rafiki laini yake pamoja na namba ya siri, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Na kabla ya kuondoka abonyeze *106# ili ajue ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chake, kwa kuwa uhalifu ukitendwa kwa laini iliyo katika jina lake, yeye ndiye atakayetafutwa kwanza.

Hata hivyo, haingekuwa haki kumtwisha msafiri mzigo wote. Kampuni za simu zina wajibu wa kumwarifu mteja, kwa Kiswahili kilicho wazi na mara avukapo mpaka, bei za huko alikoingia. Mawakala wa ajira wana wajibu wa kumfundisha mfanyakazi habari za laini kama wanavyomfundisha habari za mkataba. Na serikali za Afrika Mashariki zina wajibu wa kumaliza kazi waliyoianza. Kilichowezekana kwa kampuni moja mwaka 2006 hakiwezi kusemwa kuwa ni kigumu kwa Jumuiya ya nchi nane. Soko la pamoja halitakuwa la pamoja kwa mkulima wa Muheza iwapo kuuliza bei ya machungwa Mombasa kunamla faida ya machungwa yenyewe.

Wakati tukiyasubiri hayo, kila msafiri ajihadhari kwa nafsi yake. Awe na laini ya wenyeji kwa maisha ya kila siku, atunze ya nyumbani kwa fedha na utambulisho wake, na zote mbili ziwe kwa jina lake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na siku atakaporejea, namba yake ya nyumbani iwe bado ni yake.