Kutambua Makosa ya Uchapaji kwenye Sarafu za Zamani

Kosa la uchapaji ni kasoro iliyoipata sarafu ikiwa bado kiwandani. Mkwaruzo wa baadaye, pigo la nyundo au kutu ya shambani havimo katika hesabu hiyo, hata vikiipa sarafu sura ya ajabu. Hadubini ya kidijitali, ile ndogo inayounganishwa na simu au kompyuta, ina thamani kwa sababu husaidia kutenganisha mambo hayo mawili.

Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, Roret ikiwemo, sarafu za zamani zinazoelekea kupatikana ni za aina mbili. Kuna za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919: senti 1, 5 na 10 zenye tundu katikati na pembe za ndovu, pamoja na sumuni na shilingi zenye simba. Hizo ndizo zilizotumika mashamba makubwa ya chai yalipoanza Kericho katika miaka ya 1920. Kisha kuna za Benki Kuu ya Kenya, zenye tarehe ya 1966 na kuendelea. Udongo wa nyanda hizo una asidi, ndiyo maana chai hustawi, na mvua ni nyingi. Sarafu ya shaba iliyofukiwa humo huliwa vibaya. Mashimo ya kutu huonekana makubwa sana chini ya hadubini, na wengi huyadhania kuwa makosa ya kiwandani.

Sarafu huanza kama kisahani kitupu kilichokatwa kwenye bamba la madini. Kisahani cha sarafu ya tundu hutobolewa kabla ya kuchapwa. Kisha huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kupigwa kwa nguvu, pande zote mbili zikipata picha kwa pamoja. Kwa hiyo kosa hutoka kwenye kisahani, kwenye muhuri au kwenye pigo lenyewe.

Kanuni moja inasaidia kuliko zote. Picha ya muhuri imechongwa kwa kuzama, hivyo muhuri ukipasuka, madini huingia kwenye ufa na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa baadaye hukata madini na kuacha mfereji. Mstari ulioinuka, basi, ni wa kiwandani. Uliozama karibu kila mara ni wa mitaani. Mbali na hayo, grisi au uchafu ukijaza herufi za muhuri, herufi hizo hutoka hafifu au hazitoki kabisa ilhali uso wa sarafu pale ni laini, bila alama ya kusuguliwa.

Jicho linaweza kudanganyika hapa. Taa za hadubini zilizozunguka lenzi humulika kutoka juu na kufuta vivuli, hata kilima na bonde vikafanana. Taa hizo zipunguzwe, mwanga uletwe kutoka upande mmoja, kisha sarafu izungushwe polepole huku kivuli kikitazamwa. Ukuzaji wa mara 10 hadi 50 unatosha. Tangazo la mara 1,000 halimsaidii mtu wa sarafu.

Maandishi yanayoonekana maradufu ndiyo huleta ubishi zaidi. Muhuri uliochongwa maradufu hutoa herufi mbili kamili, zote zikiwa na kimo na mviringo, na ncha zake zimegawanyika. Muhuri uliotikisika wakati wa pigo huibana herufi upande mmoja na kuacha ngazi bapa, na herufi yenyewe hupungua upana. La pili hutokea mara nyingi na halina thamani kubwa.

Kwenye sarafu za tundu, kingo za tundu zichunguzwe. Tundu la kiwandani lilikuwepo kabla ya pigo, hivyo maandishi na ukingo mdogo hulizunguka. Tundu la kuchimbwa baadaye, kama kwenye shilingi iliyogeuzwa pambo, hukata picha na kuacha mikwaruzo ya keekee.

Mfano mzuri sana wa Afrika Mashariki uko Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamefungiwa njia ya bahari na Waingereza, walichapa sarafu katika karakana ya reli. Mihuri ilichongwa kwa mkono, kwa haraka ya vita, na sarafu za heller 20 zikatoka na tofauti nyingi: taji kubwa au dogo, herufi L zenye ncha iliyojikunja au iliyochongoka. Hizo ni tofauti za mihuri, na hadubini huzitenganisha kwa dakika chache. Sarafu hizo pia zina nyufa za muhuri na picha zilizochapwa nje ya kati.

Kosa la aina nyingine lilitokea Birmingham mwaka 1936, katika kiwanda cha Heaton kilichotambulika kwa herufi H: muhuri wa senti 10 za Afrika Mashariki wenye jina la Edward VIII ulioanishwa na wa peni ya Afrika Magharibi ya Uingereza. Hilo lilihitaji macho tu.

Si kila tofauti ni kosa. Sarafu za Kenya za 1966 hadi 1968 hazina maandishi kuizunguka picha ya Mzee Jomo Kenyatta, na zile za kuanzia 1969 zinayo, kwa sababu mchoro ulibadilishwa. Senti 5 na 10 za George VI zilitolewa nene na nyembamba. Nazo sarafu za chuma kilichopakwa madini mengine, zilizokuja baadaye, huota viputo vidogo vya mpako. Hivyo ni vya kawaida.

Sarafu ipimwe kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu na ipigwe picha pande zote mbili kabla ya kuamua lolote. Isisuguliwe kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno, kwani kusugua hufuta ushahidi wenyewe unaotafutwa na kupunguza bei yake.