Gari Likikataliwa Ukaguzi: Usitoe Fedha Kabla ya Kusoma Karatasi

Miongoni mwa karatasi zinazozitia wasiwasi familia zetu hapa Uingereza kila mwaka ni ile ya ukaguzi wa gari, ambayo wenyeji huiita MOT. Gari dogo likitimiza miaka 3 hulazimika kukaguliwa kila mwaka, na anayeliendesha bila cheti aweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Kwa hiyo mtu aambiwapo kuwa gari lake limeshindwa, jambo la kwanza limjialo ni hofu, na mwenye hofu hulipa bila kuuliza.

Ukaguzi huu ulianzishwa mwaka 1960 ili kuyaondoa barabarani magari mabovu, na ni jambo jema. Tatizo ni kwamba karakana nyingi zenye idhini ya kukagua ndizo hizo hizo zinazotengeneza. Ada ya ukaguzi wa gari dogo haipaswi kuzidi pauni 54.85, na nyingi hutoza chini ya hapo ili kuvuta wateja; faida huitafuta kwenye matengenezo. Mafundi waaminifu wapo tele, lakini wazee wetu walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani.

Gari la nyumbani kwetu lilipelekwa katika tawi la kampuni moja kubwa ya karakana. Mke wangu hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, naye hutoka kazini kabla ya basi la kwanza; bila gari hakuna kazi. Karani akatusomea orodha ya makosa manne kwa pumzi moja: shokapu mbili zinavuja, taa ya namba ya nyuma haiwaki, diski za breki zimelika, tairi moja limekaribia kwisha. Jumla, pauni 610. Akaongeza kuwa fundi yu tayari kuanza saa ile ile.

Tuliomba karatasi kwanza. Tangu Mei 2018 makosa hugawanywa katika madaraja: ya hatari, makubwa na madogo, kisha huja ushauri. Mawili ya mwanzo ndiyo yanayoliangusha gari. Madogo na ushauri hayaliangushi. Diski na tairi vilikuwa vimeandikwa chini ya ushauri tu. Yaliyotuangusha yalikuwa shokapu na taa. Fundi mwingine, asiye na uhusiano na kampuni ile, akazitazama shokapu akazikuta kavu.

Hapo ndipo penye haki ambayo wengi wetu hatuijui. Asiyeridhika azungumze kwanza na karakana kabla kitu chochote hakijatengenezwa. Wasipoafikiana, hujaza fomu ya malalamiko na kuipeleka DVSA, idara ya serikali inayosimamia ukaguzi, katika siku 14 za kazi tangu gari lilipokaguliwa. Idara ikikubali kulikagua upya, mlalamikaji hulipa ada kamili mara ya pili, naye hurudishiwa yote au sehemu yake akishinda. Sharti kubwa ni kutotengeneza lolote hadi shauri liishe, kwani ushahidi ni lile gari lenyewe. Sisi tulifuata njia hiyo. Mkaguzi wa serikali alithibitisha kosa la taa, akalifuta la shokapu. Balbu ya pauni chache ikamaliza kazi.

Subira ile iliwezekana kwa kuwa cheti cha zamani kilikuwa na wiki tatu za uhai, na hakuna kosa lililoandikwa kuwa la hatari. Sheria inaruhusu kukagua mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kwisha, na tarehe ya mwaka ujao ikabaki ile ile. Anayengoja siku ya mwisho hana nafasi ya kubishana: cheti kikishakwisha, gari huendeshwa tu kwenda kutengenezwa au kwenye ukaguzi uliokwisha kuagizwa.

Yapo mengine ya kukumbuka. Mwenye gari ana haki ya kuutazama ukaguzi kutoka mahali palipotengwa, bila kumkatiza mkaguzi. Injini, klachi na giaboksi si sehemu ya ukaguzi huu, basi asikuambie mtu kuwa gari limeshindwa kwa sababu ya klachi. Aidha, baadhi ya halmashauri za miji zina vituo vinavyokagua magari ya umma pasipo kuuza matengenezo. Ulizeni kwenu kama kipo.

Hata hivyo, haki hii isiwe kisingizio cha ukaidi. Tairi lenye kina cha chini ya milimita 1.6 ni kosa kisheria, na ni hatari kwa watoto tunaowapakia kiti cha nyuma. Kosa lililoandikwa kuwa la hatari halijadiliwi barabarani: gari liegeshwe pale pale. Lililo kweli litengenezwe upesi. Lenye shaka liulizwe kwa adabu, karatasi ikiwa mkononi, kabla mfuko haujafunguliwa.