Si Kila Tumbo ni Vidonda: Vijiwe vya Nyongo, Dalili Zake na Wakati wa Kutafuta Tiba

Huenda msomaji wa jarida hili akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana lipi la kunena juu ya nyongo, ilhali wengi wetu huijua kwa nahau tu: mambo yakiharibika, husemwa yametumbukia nyongo. Sina ujuzi wa udaktari wala sijidai kuwa nao. Nilicho nacho ni mafunzo niliyoyapata kwa dhiki nilipomuuguza shangazi yangu, ambayo baadaye niliyathibitisha kwa kusoma na kwa kuwauliza waliobobea. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi vijiwe vya nyongo vinavyojidhihirisha, ni lini mgonjwa anaweza kungoja kukuche na ni lini hapaswi kungoja hata saa moja. Aidha, yanashikilia jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha: kwamba maradhi haya hutambuliwa kwanza katika maneno ya mgonjwa, kisha ndipo mashine ithibitishe.

Kwa miaka miwili shangazi yangu, mwenyeji wa pwani, alihesabiwa kuwa mtu wa vidonda vya tumbo. Kila alipofika zahanati alisema tumbo lamuuma, akaulizwa kama huchelewa kula, akakubali (nani asiyechelewa?), akapewa dawa ya kupunguza asidi. Humu nchini neno "vidonda", au "alsa" kama lisemwavyo mitaani, limekuwa kapu la kutilia kila maumivu yaliyo juu ya kitovu. Basi akanywa maji ya kabeji, akaacha pilipili, akaacha maharagwe. Maumivu yakawa yaja na kwenda yapendavyo.

Usiku mmoja, baada ya karamu ya harusi, yalimshika hata akashindwa kulala chali wala ubavu. Asubuhi yalikuwa yamekwisha, lakini tulimpeleka hospitali. Tabibu tuliyemkuta, kijana wa makamo yangu, alimwambia, "Mama, liache kwanza jina la ugonjwa. Nieleze yanaanzia wapi na yanaelekea wapi." Shangazi akajibu kana kwamba swali hilo alilingojea miaka yote miwili: "Hapa kwenye chembe cha moyo, mwanangu. Kisha yashika chini ya mbavu za kulia, yanitokea nyuma kwenye kombe la bega. Yakishika yameshika, si ya kuja na kuachia kama msokoto. Na hunijia usiku, nikiwa nimekula mafuta." Tabibu hakuuliza mengi zaidi. Aliandika apigwe picha ya altrasaundi ya tumbo.

Picha haikupigwa siku ile. Mashine ilikuwa mji mwingine, fedha hazikuwapo, nasi tukaafikiana kungoja mwisho wa mwezi kwa kuwa mgonjwa alikwisha pata nafuu. Kosa hilo lilikuwa letu wenyewe, na nitalirejelea.

Vijiwe hutoka wapi?

Nyongo ni majimaji yanayotengenezwa na ini ili kusaidia kumeng'enya mafuta. Mfuko wake umejibanza chini ya ini, upande wa kulia. Huihifadhi na kuikoleza, na mtu alapo, hasa chakula chenye mafuta, hujikaza na kuisukuma mferejini hadi kwenye utumbo. Nyongo ikizidiwa na lehemu, yaani kolesteroli, au na rangi itokanayo na kuvunjika kwa seli nyekundu za damu, hugandamana na kuwa vijiwe: vingine kama punje za mchanga, vingine kama yai la kware. Aina hiyo ya pili ndiyo huwapata walio na selimundu, ugonjwa ulioenea sana kandokando ya Ziwa Victoria na katika Pwani yetu; kwao vijiwe vyaweza kuonekana hata utotoni. Kwa wengine, hatari huzidi kwa wanawake, hasa waliopata kubeba mimba, kwa waliopindukia miaka 40, kwa wanene, kwa wenye kisukari na kwa waliozaliwa katika jamaa zenye historia ya vijiwe. Kupunguza uzito kwa pupa pia huvizalisha, jambo ambalo wenzetu wanaojinyima chakula wakijiandaa kwa mahafali wangefaa kulizingatia.

Ifahamike kwamba wengi wenye vijiwe hawasikii lolote maisha yao yote. Vikigunduliwa kwa bahati, mtu akipigwa picha kwa sababu nyingine, kwa kawaida huachwa papo hapo. Shida huanza kijiwe kinapoziba njia.

Maumivu na msamiati wake

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa, maadamu tukitumie. Tumbo huweza kuchoma, kukeketa, kusokota, kubana, kuvimba au kujaa, na kila kitenzi kina habari yake. Maumivu ya vidonda aghalabu huchoma au hutafuna, huamshwa na njaa, na mara nyingi hutulia kidogo mtu alapo au anywapo dawa ya asidi. Kiungulia hupanda kifuani na kuacha uchachu kooni. Msokoto wa utumbo huja kwa mawimbi, na huenda ukaachia mtu akienda msalani. Maumivu ya vijiwe vya nyongo hubana. Huanza ghafla kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, hupanda hadi kileleni, kisha hukaa pale pale pasipo kupungua, kwa nusu saa au hata saa kadhaa. Yaweza kupenya mgongoni au kwenye kombe la bega la kulia. Mgonjwa hugeuka huku na huku asipate mkao, huchafukwa na roho, pengine hutapika. Kujamba, kwenda haja wala kunywa dawa ya asidi hakumpi nafuu. Kisha hutoweka, akabaki mzima kama kwamba hapakuwa na kitu, hata wiki au miezi ikapita. La ajabu ni kwamba lugha za Ulaya huyaita haya msokoto wa nyongo, ilhali hayasokoti. Shangazi, ambaye hakusomea tiba, alilipambanua hilo bila kuombwa.

Mtu aliyepatwa na maumivu ya namna hii, yakaisha, bila homa wala umanjano, hana dharura ya usiku ule. Hata hivyo, amwone daktari katika siku chache zijazo, naye afike na maelezo aliyoyaandika: yalianza saa ngapi, yalidumu muda gani, alikula nini kabla, yalielekea wapi, nini kiliyapunguza na nini hakikuyapunguza. Aombe kuelezwa kama picha ya altrasaundi inahitajika. Kipimo hicho hakiumi wala hakitumii mionzi ya eksirei; kwa kawaida mtu hutakiwa kufunga kula kwa saa kadhaa ili mfuko wa nyongo uonekane umejaa.

Wakati usio wa kungoja

Siku ya tisa baada ya kuonana na yule tabibu, maumivu yalirejea na hayakuondoka. Shangazi alipata homa, akatetemeka kwa baridi mchana wa jua kali, na weupe wa macho yake ukageuka manjano. Jirani mmoja akasema ni homa ya manjano, mwingine akasema safura. Hapo ndipo nilipong'amua jinsi majina yanavyoweza kumpoteza mgonjwa. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, kama ule uliozuka Isiolo mwaka 2022. Safura, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na umanjano na nyongo, siku hizi hutajia ugonjwa wa minyoo. Umanjano wa macho si ugonjwa mmoja. Ni alama kwamba rangi ya nyongo imerundikana mwilini, na mojawapo ya sababu zake ni kijiwe kilichokwama mferejini.

Maumivu, homa yenye kutetemeka na umanjano: dalili hizi tatu zikikutana, kama alivyoeleza daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1877, huashiria kwamba mfereji wa nyongo umeziba na kuingiwa na vijidudu. Sumu yake huenea katika damu na yaweza kuua. Tusingoje zitimie zote tatu. Maumivu yakipita saa tano au sita, au yakiandamana na homa, macho au ngozi ikiwa manjano, mkojo ukawa kama chai ya mkandaa na kinyesi kikapauka kama udongo wa mfinyanzi, mtu akitapika hata maji yasikae, akianza kuchanganyikiwa, au maumivu makali yakipenya mgongoni, ishara kwamba huenda kongosho limevimba: mojawapo tu ya hayo ni safari ya hospitali saa ile ile, iwe usiku, iwe sikukuu. Wazee huhitaji tahadhari zaidi, kwa sababu homa na maumivu yao huweza kuwa hafifu ilhali maradhi yamekomaa. Aidha, maumivu ya chembe cha moyo yenye jasho jingi, kuhema au kubanwa kifua huenda yakawa ya moyo, nayo hayangoji.

Ikiwa kinachomzuia mtu ni fedha, akumbuke kwamba Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Nasi tuliitaja mlangoni, kwa adabu, na ilisaidia.

Mafuta na ndimu

Wapo watakaokushauri unywe mafuta ya zeituni na maji ya ndimu ili vijiwe vitoke. Kweli hutoka vitu vya kijani, laini, mviringo. Vilipochunguzwa, kama ilivyoripotiwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2005, vilionekana kuwa sabuni iliyofanyika tumboni kutokana na mafuta yale yale. Vijiwe vyenyewe hubaki mahali pake. Vipo vidonge vya kuyeyusha baadhi ya vijiwe vidogo vya lehemu, ila huchukua miezi mingi, na vijiwe huweza kurudi.

Tiba ya kudumu kwa anayeumwa ni kuuondoa mfuko wenyewe, na mtu huishi vyema bila ya mfuko huo, kwa kuwa ini huendelea kutengeneza nyongo. Carl Langenbuch aliufanya upasuaji huo Berlin mwaka 1882. Tangu Erich Mühe alipoufanya kwa kamera kupitia matundu madogo mwaka 1985, huko huko Ujerumani, wagonjwa wengi hurejea nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Shangazi hakubahatika kurudi upesi hivyo. Alitiwa viuavijasumu kwa njia ya mshipa, kijiwe kilichokwama kikatolewa kwa mrija uliopitishwa kinywani, na mfuko ukaondolewa wiki sita baadaye. Alilazwa siku kumi na moja kwa jambo ambalo picha moja ingelibainisha mapema. Sasa anakula pilau yake, kidogo kidogo, na akienda zahanati hamwambii mtu kwamba tumbo lamuuma kabla hajamwonyesha mahali kwa kidole.