Taa za Boti Ndogo Usiku: Kuonekana Kwanza, Kisha Kuona

Chitete, Momba. Wavuvi wanaosafiri usiku katika Ziwa Rukwa huwasha taa ili waone mbele. Hata hivyo, kazi ya kwanza ya taa ya chombo ni kumwezesha mwingine akuone.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo za mwaka 1972 zilitungwa kwa ajili ya bahari, lakini utaratibu wake unafaa ziwani pia: taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, na nyeupe inayoonekana pande zote. Kwa mpangilio huo, nahodha wa boti ya injini anayeona taa nyekundu ya boti nyingine ikimkatiza kutoka kulia kwake hujua kuwa yeye ndiye wa kupisha. Mtumbwi wa kasia unaruhusiwa kuwa na tochi tu, mradi iwashwe mapema.

Jicho huhitaji takriban nusu saa kuzoea giza, na mwanga mkali wa sekunde chache huliondolea uwezo huo. Kwa hiyo taa nyeupe ifungwe juu ya usawa wa macho na ikingwe isimmulike nahodha. Tochi ya kichwani, inayopendwa na wengi, ndiyo yenye usumbufu zaidi: kila anayegeukiwa hupofuka kwa muda. Kukagua nyavu, mwanga mwekundu hafifu unatosha.