Je, Wajua? Sinema za Panga na Deraya

Je, wajua kwamba Robin Hood wa Kevin Costner, katika sinema ya mwaka 1991, anashuka chomboni kwenye majabali meupe ya kusini mwa Uingereza, anaahidi kufika kwao Nottingham usiku huohuo, kisha anapita kwenye Ukuta wa Hadrian ulio kaskazini kabisa, jirani na Uskoti? Ni kama mtu atoke Mtwara kwa mguu, aende Dodoma kwa kupitia Bukoba, na atarajie kukikuta chakula cha usiku kingali moto.

Katika sinema hiyohiyo, rafiki yake Mwislamu, Azeem, anampa darubini achungulie maadui. Mwaka ni 1194. Darubini ya kwanza inayojulikana ilitokea Uholanzi mwaka 1608. Watunzi walitaka kuonyesha kwamba Waislamu wa enzi ile walikuwa wametangulia kielimu, na hilo ni kweli: Ibn al-Haytham alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya mwanga na macho, karibu miaka 200 kabla. Angetajwa yeye, darubini isingehitajika.

Je, wajua kwamba haijafukuliwa hata kofia moja ya vita ya Waviking yenye pembe? Iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, ni ya mviringo, na mbele ina kinga ya macho mfano wa miwani. Pembe zilienezwa na opera, pale Carl Emil Doepler alipobuni mavazi ya maonyesho ya Richard Wagner mjini Bayreuth mwaka 1876.

Na lile kabati la chuma lenye misumari ndani, la kutesea wafungwa? Hakuna ushahidi kwamba lilitumika Zama za Kati. Habari zake zilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 18.

Sasa tuje kwa Braveheart ya mwaka 1995, iliyobeba tuzo 5 za Oscar. William Wallace, kiongozi wa Waskoti dhidi ya Waingereza, anapendana na binti mfalme Isabella wa Ufaransa na kumwachia mimba. Wallace aliuawa London mwaka 1305. Isabella wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kama 10, yuko kwao Ufaransa. Uingereza alifika kama bibi harusi mwaka 1308. Zile shuka za Kiskoti walizojifunga wapiganaji zilikuja karne tatu baadaye. Rangi ya buluu usoni ni ya watu wa enzi za Warumi, miaka elfu moja nyuma.

Lakini kinachouma zaidi ni daraja. Vita vya Stirling, Septemba 1297, vilipiganwa kwenye daraja jembamba la mbao, lenye nafasi ya farasi wawili kwenda sambamba. Waskoti walisubiri sehemu ya jeshi la Waingereza ivuke, ndipo wakashuka na kuitenga na wenzao waliobaki ng'ambo. Sinema imeliondoa daraja, na akili yote ya ushindi ule ikaondoka nalo. Ikamwondoa pia Andrew Moray, aliyeongoza vita vile bega kwa bega na Wallace na kufariki mwaka huohuo, yaelekea kwa majeraha ya pale pale. Mtu amekufia nchi yake, na hata jina halikusomwa.

Je, wajua kwamba Balian wa Kingdom of Heaven (2005) hakuwa mhunzi kutoka Ufaransa? Alikuwa bwana mkubwa wa Kikristo, mzaliwa wa Mashariki, na yule Sibylla anayependana naye kwenye sinema alikuwa mtoto wa kambo wa mkewe. Kisa chake cha kweli kinashinda mapenzi yale. Mwaka 1187, baada ya kunusurika vita vya Hattin ambako jeshi la Wakristo lilishindwa, alimwomba mshindi, Sultani Salahuddin Ayyubi, ruhusa ya kuingia Yerusalemu akaichukue familia yake. Akaapa kutopigana na kulala usiku mmoja tu. Alipofika, watu wakamlilia abaki awatetee. Akamwandikia Salahuddin kumweleza. Salahuddin akamfungua kiapo, kisha akampa mkewe walinzi wa kumfikisha salama. Mji uliposalimu amri, haikuwa bure kama sinema inavyodai: mwanamume alijikomboa kwa dinari 10, mwanamke 5, na maelfu walioshindwa kulipa wakaingia utumwani.

Uongo huu si wa Hollywood peke yake. Mwaka 1963 Youssef Chahine wa Misri alitoa sinema kubwa ya Salahuddin, na humo Issa al-Awwam ni kamanda Mkristo Mwarabu anayempenda mwanamke wa upande wa adui. Nia ilikuwa umoja wa Waarabu wa dini zote, nayo naiheshimu. Ila Issa halisi alikuwa Mwislamu, mzamiaji. Mji wa Akka, uliokuwa mikononi mwa Waislamu, ulipozingirwa na Wakristo, alikuwa akijifunga fedha na barua kiunoni, akiogelea usiku na kupiga mbizi chini ya merikebu za adui, na akifika mjini hurusha njiwa kuwajulisha wenzake. Usiku mmoja wa mwaka 1190 njiwa hakuja. Siku chache baadaye maji yakatupa maiti ufukweni mwa mji. Alikuwa Issa, na kiunoni barua na dhahabu zingalipo. Dhahabu ile ilikuwa mishahara ya askari waliozingirwa. Wakalipwa.